Huyu wa Mnarani ni Nani?

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Unguja, nasomesha skuli ya msingi. Kwa miaka miwili sasa naandika riwaya usiku, watoto wakishalala. Ni hadithi ya mapenzi, nimeiweka katika mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, zama za Muingereza. Sikuitoa hewani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitwambia kuwa mama yake, tuliyekuwa tukimwita Bibi Mkuu, alipokuwa msichana wa miaka kumi na minane pale kijijini Fumba, alipendana na kijana msaidizi wa mlinzi wa mnara. Wakaoana, na sisi ndio kizazi chao. Hakuna aliyekufa wala aliyetekwa. Ni hadithi tamu tu.*

*Sasa imenigeuka shubiri. Wenzangu wa kikundi cha waandishi wanasema haina mgogoro, ama nitie jini ama nimzamishe kijana baharini. Mmoja amesema kuandika mapenzi matamu ya zama zile ni kuwasafisha wakoloni. Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alipopata habari aliwaka: mambo ya Fumba yasiguswe, eti mapenzi si jambo la kuandikwa. Mama yake Bibi Mkuu alitoka bara, na nyumbani hakuna anayesema alikuja vipi. Na mume wangu, aliyesoma sura ya tano bila ya ruhusa yangu, amenuna wiki nzima akiniuliza: huyu wa mnarani ni nani?*

*Nakuambatanishia sura tatu. Uniambie pia kama mwanamke wa zama zile angeweza kupanda mnarani, au nitachekwa. Niendelee, au niitie moto?*

*Mwandishi wa Usiku, Unguja*

Marahaba, mwanangu. Moto uache jikoni kwanza.

Sura zako nimezisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nianze na hao wa kikundi, maana ndio wepesi. Anayetaka umzamishe kijana baharini hajaleta jipya. Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi ya Hero na Leander: msichana anaishi mnarani upande mmoja wa mlango wa bahari, kijana yuko ng'ambo, na kila usiku msichana huwasha taa ili mpenzi wake aogelee akiifuata. Usiku mmoja wa tufani upepo ukaizima taa, kijana akapotea majini akafa, na msichana akajitupa kutoka juu. Imepita zaidi ya miaka elfu mbili watu wanaisimulia na kuichora. Hata ule mnara uliosimama majini mbele ya Istanbul, wapo wanaouita mnara wa Leander, ingawa mlango wa bahari wa hadithi yenyewe ni Dardanelles, mbali na hapo. Leander ameshakufa vya kutosha. Wewe una kijana aliyeishi, akaoa, akazaa, na kitukuu wake ndiye anayeniandikia barua. Kumuua ili upewe sifa ya uzito ni kumdhulumu yeye, na kwako ni uvivu. Na jini mwache kwenye mbuyu wake.

Lakini wenzako hawakukosea kila kitu. Wamehisi kuna kitu kinapwaya, wakashindwa kukitaja, wakakimbilia jini. Kinachopwaya ni mnara. Katika sura zako mnara ni pambo: umesimama nyuma, mweupe, unaangazwa na mwezi, na kijana wako yuko juu anavuta pumzi ndefu. Kurasa zote hizo hajachafuka mikono hata mara moja. Taa anaiwasha nani?

Mnara wa Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, uongoze meli zinazokaribia mji wa Unguja zisivamie miamba. Ngazi zake ni 131. Kabla ya kuja gesi, taa za minara duniani zilikula mafuta, na mafuta hayapandi ngazi yenyewe. Kuna mtu aliyeyabeba jioni kabla ya adhana ya magharibi. Akifika juu anafuta chemni, anakata utambi uwe sawa, kwa sababu utambi uliokatwa vibaya hutoa moshi, moshi huacha masizi, na kioo chenye masizi hakifikishi mwanga kwa nahodha aliye mbali. Kioo chenyewe usikifikirie kama cha dirisha. Tangu Mfaransa Augustin Fresnel alipobuni lenzi yake katika miaka ya 1820, taa kubwa za bahari zilizungushiwa pete juu ya pete za kioo kilichochongwa, ziukusanye mwanga wa taa moja na kuusukumia upande wa bahari. Walinzi walivaa aproni ya kitani juu ya nguo ili kifungo cha shati kisije kuikwaruza lenzi. Asubuhi waliizungushia mapazia, maana kioo kinachotupa mwanga nje usiku, mchana kinaweza kulikusanya jua ndani na kuunguza. Halafu wakang'arisha shaba, wakapaka rangi, wakajaza daftari: upepo umetoka wapi, chombo gani kimepita, mafuta kiasi gani yametumika.

Mpe kijana wako kazi hizo zote. Mwache anukie mafuta ya taa. Mwache asinzie ndani ya dau saa tatu za asubuhi, mdomo wazi, mbele ya msichana anayempenda. Wasomaji wako wanawake watamtaka hapo hapo, niamini.

Na mlinzi mwenyewe umrekebishe. Umemfanya Mzungu mwenye ndevu na kiko, huyo umemtoa kwenye filamu. Kando ya mnara wa Chumbe kuna msikiti mdogo uliojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya mlinzi Mhindi na watu wake, na mtindo wake ni wa Kihindi, si wa kawaida kuuona Unguja. Hebu fikiri umepata nini hapo: nyumba yenye mke na watoto, jiko linalonukia bizari, mzee anayetoka kusali alfajiri akienda kuizima taa. Mzee wa namna hiyo anaweza kuwa mkali kuliko Mzungu wako wa kiko, na akamwonea huruma kijana pia.

Sasa sura ya tano, ile iliyomnunisha mumeo. Umeandika kuwa kijana aliifunika taa kwa kanzu yake mara tatu ili msichana aliyeko Fumba ajue anamwaza. Tamu, lakini ifute leo hii. Minara ina mwendo wake wa kumulika, na nahodha aliye gizani huutambua mnara kwa mwendo huo. Akihesabu tofauti atadhani yuko mahali pengine. Anayeuvuruga kwa ajili ya mahaba anaweza kuipandisha meli nzima mwambani. Mlinzi angemtimua asubuhi yake. Na msichana mwenyewe, aliyezaliwa pwani, mwenye ndugu wanaolala baharini na nyavu zao, angemtaka tena mtu wa kuchezea taa?

Ila nakushukuru kwa kosa hilo, maana ndani yake ndimo ilimojificha hadithi yako. Kijana haruhusiwi kuichezea taa, kwa hiyo salamu yake pekee ni kutoichezea. Msichana yuko ng'ambo. Barua hapati, na hata angeandikiwa, nani wa kumsomea nyumba nzima isijue? Anachokiona kila usiku ni taa inayomulika kama ilivyomulika jana. Na taa ya mafuta haifiki alfajiri bila mtu. Ikiwa saa nane za usiku inamulika sawasawa, basi kuna mtu yuko macho, amekata utambi, ametia mafuta, na zamu ya usiku wa manane ni ya msaidizi, kwa sababu wazee hujichagulia zamu nzuri. Msichana anaamka kumfunika mdogo wake shuka, anachungulia nje, anajua. Hakuna neno lililosemwa na hakuna amri ya Serikali iliyovunjwa. Hayo ndiyo mapenzi ya staha uliyotaka kuyaandika, na mtu wa kukuambia hayana mgogoro mwambie asubiri sura inayofuata.

Sura inayofuata ni mwaka 1926. Mwaka huo mnara wa Chumbe uliwekewa mtambo wa gesi wa AGA, kampuni ya Sweden iliyokuwa chini ya mhandisi Gustaf Dalén. Bwana huyu ndiye aliyebuni vali inayofungwa na jua na kufunguliwa na giza. Ilikuwa na fito za chuma zilizong'arishwa, na katikati yao ufito mmoja mweusi. Mchana ule mweusi hufyonza joto kuliko wenzake, hurefuka kidogo sana, hubana njia ya gesi. Jua likitua hupoa, hurudi, gesi hupita, taa huwaka, na mkono wa mtu haumo. Vali hiyo aliibuni mwaka 1907, na kwa kazi zake za taa za bahari alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1912. Mwaka huohuo mlipuko wa gesi ulimpofua macho yote mawili, na bado akaiongoza kampuni hadi alipofariki mwaka 1937. Nakueleza kwa kirefu kwa sababu huyu Mswidi, ambaye hakuwahi kusikia habari za msichana wako, ndiye mpinzani wa kijana wa mnarani. Hana ubaya wowote. Amebuni tu kitu kisicholala.

Basi mwone msichana wako baada ya gesi. Taa inamulika kama jana. Kesho inamulika. Yeye hana habari ya mtambo, anachojua ni kwamba mtu wake anakesha. Kumbe kijana amelala fofofo kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, au ameambiwa kazi imepungua, au yuko mjini anatafuta ukuli bandarini, na taa inaendelea kusema yuko macho. Nani atamwambia? Na akishaambiwa, ataziangalia vipi zile saa nane za usiku zilizopita? Atajiuliza kama yote aliyoyasoma kwenye mwanga ule yalikuwapo au aliyatunga mwenyewe. Kijana naye atagundua kuwa kitu pekee kilichokuwa kikimsemea kimepewa mtambo, na itambidi afungue mdomo, aje mchana kweupe na wazee wake. Kwa hesabu za bibi yako mwaka huo unaangukia pazuri kabisa. Uchukue.

Wakutane vipi hapo mwanzo? Kwako wanakutana ufukweni jua likizama, na msichana anatembea peke yake. Peke yake wapi, mwanangu? Msichana wa miaka kumi na minane, Fumba, zama hizo, magharibi? Shangazi zake wamekwenda wapi? Unacho kitu kizuri kuliko machweo. Chumbe ni kisiwa cha jiwe la matumbawe, hakina chemchemi wala kisima cha maji matamu. Anayeishi pale hukinga ya mvua au huletewa kwa chombo. Na Fumba palikuwa na ufinyanzi: Siti binti Saad, kabla mji haujamjua kwa sauti yake, alikuwa binti wa Fumba aliyekwenda mjini kwa miguu kuuza vyungu. Mtie msichana wako kwenye udongo. Mnarani wanahitaji mitungi ya maji, mitungi huvunjika safarini, kijana anatumwa kuja kulalamika kwamba mtungi wa safari iliyopita unavuja. Msichana anaugeuza, anaupiga kwa kifundo cha kidole, anausikiliza, kisha anamwambia: haujavuja huu, umeugonga wewe kwenye ngazi. Mama mtu yuko hapo hapo, udongo umemfika kwenye viwiko, anasikia kila neno na hainui kichwa. Safari ya pili kijana analeta lalamiko ambalo hata mbuzi wa jirani anajua ni la uongo. Safari ya tatu mama anasema bei ya mitungi imepanda.

Hapo hakuna aliyeshika mkono wa mwenzake, na msomaji amekwisha kununua nguo ya harusi.

Umeuliza kama mwanamke angeweza kupanda mnarani. Hutachekwa. Msaidizi wa mlinzi asingeweza kumpandisha mwenyewe, hilo lisahau, lakini mke wa mlinzi anaweza kumwita apeleke mtungi hadi juu, mchana, mapazia yamefungwa. Na kama kuna atakayebisha kwamba minara ni kazi ya wanaume, mtajie Ida Lewis wa Newport, Marekani. Alizaliwa mwaka 1842, na alikuwa bado msichana familia yake ilipohamia kwenye mwamba wa Lime Rock, ambako baba yake alikuwa mlinzi wa taa. Haukupita muda baba akapigwa na kiharusi, na kazi ya taa ikawa ya Ida na mama yake. Alikuwa akiwavusha wadogo zake kwa mashua kwenda skuli. Anahesabiwa kuokoa watu wasiopungua 18 kwa miaka yote aliyokaa pale, na mwaka 1869, alipowatoa majini askari wawili, magazeti yakamfanya maarufu nchi nzima. Posa zikamiminika kwa barua, na Rais Ulysses Grant alifika Newport akaonana naye. Mwaka 1870 akaolewa na nahodha mmoja, akaondoka mwambani. Ndoa haikukaa, akarudi kwenye taa yake. Serikali ilimpa rasmi cheo cha mlinzi mwaka 1879, na alikuwa nacho hadi alipofariki mwaka 1911.

Najua hiyo si tamu kama yako, na sikwambii uwaachanishe wako. Ninachokitaka kwa Ida ni kwamba aliipenda taa yenyewe, hakuipenda kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa ndani. Msichana wako akishafika juu, asimtazame kijana kwanza. Aitazame lenzi. Aulize inafanyaje kazi, aulize swali ambalo msaidizi hana jibu lake, mzee wa Kihindi acheke. Halafu atazame nje aone Fumba ilivyo ndogo, nyumba yao haionekani. Kwa wiki nzima baada ya hapo atakuwa mgumu kusema naye, na mama atajua sababu kabla yake.

Mwenzako aliyesema unawasafisha wakoloni ana nusu ya hoja. Watu wamependana chini ya kila utawala, na anayedai babu zetu walikuwa na dhiki tu bila mapenzi anawapunguzia utu kwa namna yake. Lakini mkoloni utamsafisha ukimwacha nje ya hadithi, mnara ukasimama pale kama uliota wenyewe. Ulijengwa kwa ajili ya meli za nani? Msaidizi alilipwa na nani? Uweke mshahara wake mkononi mwake, uhesabiwe kwa rupia, tuone unatosha mahari au hautoshi.

Na nusu nyingine ya hoja hiyo anayo mjomba wako.

Hapa ndipo barua yako iliponishika. Umeandika sentensi moja ukaipita mbio: mama yake Bibi Mkuu alitoka bara, na nyumbani hakuna anayesema alikuja vipi. Mwanangu, mjomba wako hana ugomvi na mapenzi. Angekuwa na ugomvi na mapenzi angesema "mambo ya mnarani". Amesema mambo ya Fumba. Piga hesabu. Kama Bibi Mkuu alikuwa na miaka kumi na minane katikati ya miaka ya 1920, mama yake alikuwa msichana au mwanamke kijana mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria. Hata hivyo masuria hawakuingizwa katika uhuru huo mpaka mwaka 1909. Yawezekana mwanamke huyo alikuja kwa ndoa, au kwa biashara ya ndugu zake, kama wengi waliovuka kutoka Mrima. Yawezekana sivyo. Mjomba anajua, au anahisi, na anachokilinda hakimo kwenye riwaya yako. Ana wajukuu wa kuoza, na anajua watu wetu wanavyouliza "huyu ni nani kwao" kabla hawajauliza mtoto mwenyewe ana tabia gani.

Usimbeze kwa hilo. Ila unaweza kumkumbusha kwa upole kuhusu yule yule jirani yao wa Fumba. Siti binti Saad alizaliwa na wazazi waliokuwa watumwa. Wapo waliomdharau kwa asili yake, na jibu lake lilikuwa kuimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, zikachezwa pwani nzima, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Leo hakuna nyumba ya Unguja inayoona haya kusema Siti alikuwa shoga wa bibi yao, hata kama si kweli.

Hata hivyo usimpelekee mjomba mswada. Nenda na kahawa na halua, umuulize jambo moja tu: mama yake Bibi Mkuu aliitwa nani? Usiulize alitoka wapi, wala alikujaje. Akikupa jina, usitoe kalamu mbele yake, na usishangae kama litafuatwa na mengine ambayo hukuyauliza. Wazee hufunguka kwa mlango mdogo. Akikataa, maliza kahawa yako, muage, rudi mwezi mwingine. Mapenzi ya mnarani unaweza kuyaandika bila ya ridhaa yake, maana aliyekusimulia alikupa kwa hiari. Hiyo siri ya nyuma ni ya ukoo mzima, na huna haki ya kuitoa peke yako kwa jina na kijiji. Ikibidi, badilisha majina yote, mhamishe msichana kijiji, andika mwanzoni kabisa kwamba ni hadithi ya kubuni, na umaanishe.

Lakini huyo mama umuweke ndani ya kitabu, hata bila ya historia yake. Yupo tayari, ndiye yule wa udongo kwenye viwiko. Na sura yako ya mwisho, ambayo sasa hivi ni ngoma na maua tu, iandike upya akiwa chumbani. Kabla ya nikaha bibi harusi huendewa akaulizwa kama ameridhia. Umeipita hatua hiyo kwa sentensi nusu. Simama hapo. Msichana anaulizwa, naye amenyamaza, na pembeni amekaa mwanamke ambaye pengine katika maisha yake hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo juu ya jambo lolote. Usimweleze msomaji. Mwonyeshe mama anavyomtazama binti, na binti anavyochelewa kidogo kujibu kwa sababu anamtazama mama. Mwenzako wa wakoloni akishasoma ukurasa huo hatakuwa na neno, na utamu wako hujaupunguza hata chembe.

Kabla hujakaa kuandika, nenda Chumbe. Siku hizi ni hifadhi, mnara upo, msikiti upo, na nyumba ya mlinzi imekarabatiwa, inapokea wageni. Panda zile ngazi umebeba dumu la maji la lita tano, ndipo utajua kijana wako alikuwa akihema wapi. Halafu ingia Nyaraka za Taifa pale Kilimani, uombe ripoti za Serikali za miaka hiyo, usome mambo ya bandari na mishahara. Riwaya nyingi za kihistoria zinaharibika kwa mwandishi kuona haya kuuliza mafuta yaliuzwa debe rupia ngapi.

Mumeo, basi. Amekosa kusoma bila ya ruhusa, mwambie hivyo, mara moja, bila ya ukali. Halafu usiku mmoja msomee wewe mwenyewe, kwa sauti, sura mpya ya mtungi unaovuja, na ukifika kwenye bei iliyopanda umtazame. Mwambie huyo wa mnarani angekuwa hai leo angekuwa amepita miaka mia moja, na ni damu ya wanawe mwenyewe. Akiendelea kununa, mchukue Chumbe, na lile dumu abebe yeye.